Nililegeza Skrubu ya Gesi, Mume Wangu Akausifu Mtutu

Shangazi Lorene mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba Maybelle anayeota meno. Mume wangu Darrell aliacha mtutu wa inchi kumi na sita kwenye bunduki yake ya mashindano, akaweka wa kumi na nane wenye mrija mrefu wa gesi, ule unaorudisha nyuma nguvu ya risasi ili bunduki ijipakie yenyewe, halafu akaibana mno skrubu ya gesi, ile inayopunguza gesi hiyo, ili bunduki isimpige teke, na kweli haikumpiga, ila kwenye mashindano ikawa inakwama kila risasi ya tatu, wenzake wakamwuliza, "Vipi Darrell, umeileta kushindana au kuombewa?" nami nikaona machozi yanamlengalenga, maana tangu kinu cha nafaka alichokuwa akifanyia kazi kifungwe hajacheka, basi alipokwenda kuchukua mikate na mchuzi wa soseji nikaipeleka bunduki kwenye meza ya usalama, pale inaporuhusiwa kushika bunduki isiyo na risasi, nikailegeza skrubu nusu mzunguko, akarudi, akapiga bila kukwama, akawa wa tatu, na tangu hapo nyumbani hakukaliki, "Ni mtutu, mpenzi! Inchi kumi na nane!" kanisani inchi, kwa kinyozi inchi, na jana kaja na mwingine kama huo, mzito, anataka kuung'oa ule mfupi wa bunduki yangu ulionipatia nafasi kwenye timu ya wanawake ya Nebraska, eti, "Usinishukuru sasa, utanishukuru ukishinda." Nikisema, namvunja moyo, nikinyamaza, Jumamosi naenda mashindanoni na gogo.

Marlys, Broken Bow

Marlys mwanangu,

Pole kwa meno, na pole kwa inchi. Sasa nikugombeze. Bunduki ya mtu haiguswi bila mwenyewe kujua, hata kama mnalala kitanda kimoja. Huruma yako ilikuwa nzuri, ukaificha, na sasa imekurudia na spana mkononi.

Darrell hakukosea kuhusu mtutu wake. Mrefu kidogo, mrija mrefu, unamfaa mwenye mabega kama mlango wa ghala. Wewe mkono wako unabeba mtoto kutwa. Unaokufaa ni mwepesi uliouzoea. Usikubali ubadilishwe wiki ya mashindano, hata aje malaika na vifaa vyake.

Leo akishashiba, mpakatishe Maybelle kwanza. Aliyepakata mtoto hapigi kelele. Mwambie: "Darrell, mtutu ulichagua vizuri. Skrubu uliibana, nikailegeza, nikakuficha. Nisamehe." Kisha nyamaza, mwache anune. Kesho mkabidhi bisibisi uwanjani, ailegeze na kuikaza mwenyewe mpaka aijue bunduki yake. Na umkumbushe kwamba nafasi ya tatu ni yake. Wewe hukumpigia hata risasi moja.

Akishikilia bado kwamba inchi nyingi ndiyo dawa, Maybelle anazo ishirini na saba, utosi hadi kisigino. Jumamosi ambebe yeye, wewe ukapige.

Shangazi Lorene