Opala Yangu Haina Nyumba

Jumatano, jioni.

Eti tulipe tena! Wenye muchezo wa kurusha ndege kwa kompyuta walimuahidi mujukuu wangu Aziza kwamba wataongeza vijiji kila mwaka. Leo vijiji viko, lakini ndani ya muchezo mupya wa kununua. Aziza amenuna. Mimi nikimuuzia mutu chikwange nzima, mukate wetu wa muhogo, nimupe nusu, kesho nimulipishe tena ile nusu ingine, soko lote litanifukuza!

Nilitaka kuiona humo Opala, kwetu, maana miguu hii haitanifikisha tena.

"Koko, muchezo wa zamani unaonyesha pori tupu," Aziza akaniambia mimi bibi yake.

"Bon, sawa, rusha ndege! Pori nalijua."

Tukafuata muto Lomami. Kwenye kona moja ya muto nikapiga kelele: "Shuka, nyumba ya mama iko hapa!" Ndege ikavunjika ndani ya miti. Tulicheka mpaka machozi. Nimefika kwetu.