Plagini Iliyomfukuza Mama Yako

Mpwa wangu Luqmani,

Marahaba. Huku mvua zinanyesha na maharage yamekubali.

Blogu yangu uliyoipamba nimeiona. Mimi naandika kuhusu wanaofyeka misitu ya Uluguru, wewe unaivika sura mpya yenye picha zinazorukaruka, kama saluni ya maharusi. Msomaji wa Dumila mwenye simu ndogo anasubiri ifunguke mpaka anachoka. Ninyi watu wa Dar mnaita hayo maendeleo.

Upuuzi wenyewe hasa ni ile plagini, kijiprogramu ulichopachika kuchuja maoni ya wasomaji. Uliichagulia Kiswahili na Kiingereza tu, kwa hiyo kila alichoniandikia mama yako kwa Kiluguru imekitupa kwenye takataka pamoja na matangazo ya kamari. Jana alishuka kutoka Matombo mpaka kwangu, akaniuliza: "Kaka, kama umenichoka si useme?"

Nikamwambia ni mashine.

"Na hiyo mashine kaituma nani?"

Nikammiminia chai. Akaondoka bila kuigusa.

Plagini nimeing'oa mwenyewe. Jina lako sijalitaja. Panda Matombo Ijumaa, umwambie kwa mdomo wako kwamba lugha aliyokubembelezea utotoni, wewe hukuihesabu kuwa lugha.

Mjomba wako asiyependa mapambo,
Rehani