Moyo wa Mke Wangu Umegeuzwa Darasa

Mpendwa Shangazi Vida,

Nisaidie kabla sijapoteza mke au akili, maana naona vyote viwili vimeshafunga mizigo.

Mimi ni mzee wa hapa hapa Cleveland, fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma, na mke wangu Albina nilimpata enzi zile ukumbi wa dansi ya polka wa parokia ukijaa hadi watu wanachezea barabarani, tukalea binti mmoja ambaye sasa amehama, na tangu hapo hatujawahi kugombana kwa jambo kubwa kuliko chumvi. Tatizo langu ni moyo wake, na simaanishi mapenzi, namaanisha moyo wenyewe wa nyama ulio kifuani, kwa sababu mwaka jana alianza kuhema akipanda ngazi za chumbani, akaniambia, nami nikamwambia ni hiyo potica, mkate wa njugu unaula kila jioni kisha unashangaa pumzi, basi wiki iliyofuata akaenda zake hospitali bila kuniaga, tena ile hospitali kubwa ya chuo, ambako kila daktari anafuatwa na msururu wa wanafunzi kama bata na vifaranga.

Huko wakamkuta na vali ya moyo inayovuja. Mkubwa wao, Dakta Pruitt, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alimwekea stetoskopu, akafumba macho, akatulia, halafu akasema, "Bi Albina, damu inaporudi nyuma kwenye hiyo vali inatoa sauti, na yako iko wazi kama somo. Ungeniruhusu wanafunzi wangu waisikilize?" Mke wangu, ambaye mimi nikimwomba anikune mgongo anasema mikono ina unga, akaruhusu papo hapo.

Shangazi, tangu siku hiyo sina Jumatano. Kila Jumatano Albina anapaka rangi ya mdomo, anavaa blauzi, anakwenda kukaa kitandani darasani, na vijana wanapanga foleni kumsikiliza mmoja mmoja. Potica anawaokea wao, mimi nakula mkate wa dukani. Akirudi ana habari za wiki nzima, nani kasikia, nani kajifanya kasikia. Kuna kijana mmoja anaitwa Corwin, mrefu, mwekundu wa masikio, ambaye hakusikia kitu mwezi mzima, na mke wangu amemchukua kama mradi wa kanisa.

Jioni moja mezani ananiambia, "Ludvik, leo wameniita kesi ya kupendeza."

Nikamwambia, "Mimi sijawahi kukuita kesi."

Akasema, "Wala ya kupendeza."

Nikaongeza sauti ya televisheni.

Kwaresima ndiyo ilinimaliza. Tuko kwenye karamu ya samaki ya Ijumaa, ukumbi umejaa, padri anagawa kabichi chachu, mara Corwin anaingia kununua chakula, na Albina anamwita kwa sauti ya kuita watoto waje kuoga. "Njoo hapa. Umekuja na chombo chako?" Kijana akasema, "Kiko mfukoni, Bibi, lakini hapa kuna kelele." Mke wangu akamjibu, "Na mtu akikuangukia sokoni, utaomba soko zima linyamaze kwanza?" Basi akageuka, akampa mgongo, kijana akainama na stetoskopu yake, na ukumbi mzima, Shangazi, watu wanaogombania sosi ya samaki kila mwaka, wakanyamaza kimya. Corwin akafumba macho. Akasema, "Nimeisikia. Bibi, nimeisikia." Watu wakapiga makofi. Padri pia alipiga. Mimi nilikuwa nimeshika sahani mbili za samaki, nikabaki hivyo hivyo.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Baada ya Pasaka Dakta Pruitt alituita sote wawili, akasema vali imezidi kuvuja, moyo umeanza kutanuka kwa kufanya kazi mara mbili, kwa hiyo inafaa apasuliwe itengenezwe kabla haujachoka. "Tukiitengeneza sasa, atacheza polka," alisema. "Tukichelewa, sitaahidi."

Albina hakuuliza kuhusu maumivu wala siku za kulazwa. Aliuliza, "Na ile sauti?"

"Itaondoka."

"Yote?"

"Tukifanya kazi vizuri, yote."

Mke wangu akachukua mkoba wake akasema, "Basi nitafikiri," na tangu hapo anafikiri mpaka leo, na mimi namwona anavyofikiri, miguu inavimba, analala ameketi kwenye kiti na mito mitatu nyuma, na nikimsihi ananijibu, "Wakiitengeneza, Jumatano nitakwenda wapi?" Nimebembeleza, nimefoka, nimeficha rangi ya mdomo, amenunua nyingine nyekundu zaidi.

Nilikwenda peke yangu kwa Dakta Pruitt nikamwambia, wewe ndiye uliyemharibu, nyinyi hapa mnatibu watu au mnafundishia? Akasema, "Vyote viwili, Mzee Ludvik, kwenye kitanda kimoja." Nikamwambia labda mnamchelewesha kwa faida yenu. Akasema hospitali yao haina wenye hisa wa kugawana faida, kinachobaki kinarudi humo humo, kwa wagonjwa na mafunzo, na kwamba yeye ndiye anayetaka Albina apasuliwe, mwenye kukataa yuko nyumbani kwangu. Nikasema basi wafukuze hao wanafunzi. Akaniuliza, "Nikiwafukuza, binti yenu akizeeka atatibiwa na nani?" Nikamwambia viti vyao ni vigumu, nikaondoka.

Je, Shangazi, nimwombe daktari amdanganye kidogo, aseme sauti itabaki? Au nimfungie mke wangu ndani Jumatano hadi atoke na jibu? Kweli naogopa. Usiku nasikiliza kama bado anapumua, na akikohoa nafurahi.

Usichapishe jina langu la ukoo, parokia nzima inasoma gazeti hili.

Ludvik, Cleveland

~

Ludvik,

Jina lako la ukoo nimelificha, ingawa parokia yenu ina Ludvik mmoja tu mwenye mke anayepigiwa makofi mgongoni.

Barua kama yako kwa kawaida hungoja zamu yake kwenye kikapu changu. Lakini vali haingoji gazeti la Jumapili, kwa hiyo nilipiga simu nyumbani kwako. Ulikuwa kwa jirani, unaangalia besiboli. Aliyepokea ni Albina.

"Shangazi Vida wa gazetini?" akasema. "Ludvik ameandika nini tena? Mwaka juzi alikuandikia juu ya mbwa wa jirani."

"Safari hii kakuandika wewe."

"Afadhali. Nimepanda cheo."

Nilimuuliza kama ni kweli anakataa kutibiwa ili asikose Jumatano zake. Akasema anazipenda, hilo hakatai, tangu binti yenu ahame hakuna aliyemwuliza habari zake akangoja jibu. Kisha nikasikia anavuta kiti.

"Nikwambie kitu, lakini usikichape."

"Nitakichapa."

"Basi kichape vizuri. Shangazi, pale kila mtu anajifunza. Anayetoa damu anajifunza. Anayesukuma kitanda anajifunza, amenigonga mlangoni mara mbili. Wale watoto wangu wapo wanaoutafuta moyo upande wa kulia. Kusikiliza wasikilize, hainiumizi. Sasa siku ya kupasuliwa nani atashika kisu? Corwin? Corwin nampenda kama mwanangu, lakini nimemwona akikata potica."

"Umemuuliza daktari?"

"Nitamuulizaje? Ataona nawadharau wanafunzi wake. Na pale wananiheshimu."

"Na mumeo umemwambia?"

"Mume wangu nilimwambia ninahema. Akaniambia mkate wa njugu."

Umesikia, Ludvik? Wewe umekesha ukidhani mkeo amelewa sifa, kumbe mwenzako anaogopa kufa. Jumatano ni pazia alilolivuta ili usimwone akitetemeka, nawe ukagombana na pazia. Na Albina naye nimemgombeza kwenye simu, maana mtu mzima anayewafundisha madaktari kusikiliza hawezi kuona haya kuuliza swali moja la uhai wake.

Nilimweleza ninachokijua, kwa sababu mimi nilizalia watoto wangu katika hospitali ya namna hiyo, na kitovu cha wa kwanza kilifungwa na msichana mwanafunzi aliyekuwa analia kuliko mimi. Mwanafunzi hapewi moyo wa mtu afanyie majaribio. Anaanza kwa kusikiliza, kisha kushika, kisha kushona ngozi, na kwa kila hatua kuna mkubwa aliyesimama juu ya bega lake. Wale wanaojifunza upasuaji wa moyo walikwisha kuwa madaktari miaka mingi iliyopita, na bado bingwa haondoki mezani kazi ngumu inapofanyika. Na mgonjwa ana haki ya kuuliza nani atafanya nini, na kusema huyu ndiyo, yule hapana. Akiuliza hajamtukana mtu.

Kesho yake Albina akampigia Dakta Pruitt. Halafu akanipigia mimi, anacheka mpaka ikabidi angoje pumzi imrudie. Dakta Pruitt hakukasirika hata kidogo. Alimtajia jina la mpasuaji, mama mmoja aliyeanza kutengeneza vali kabla Corwin hajazaliwa, akamtajia na msaidizi wake, na kazi ya kila mmoja. Na Corwin?

"Corwin atasimama kwenye kigoda huko nyuma, mikono kaifumbata, haruhusiwi kugusa hata pua yake mwenyewe," Albina alisema. "Nimekubali asimame. Yeye ndiye aliyeomba. Kasema anataka aone kilichokuwa kinampigia kelele."

Mkeo anapasuliwa Ijumaa ijayo. Najua ndiyo kwanza unasikia. Alitaka kukuambia juzi, ukamwinulia kidole kwamba subiri, mpira uko hewani. Akaniambia, "Mwambie wewe, Shangazi. Gazeti analisoma hadi mwisho."

Sasa nisikilize mimi.

Usimwombe daktari adanganye. Daktari akikudanganya leo kwa wema, kesho utajuaje lini anasema kweli? Usimfungie mtu ndani, wewe si polisi na yeye si kuku. Rangi ya mdomo uliyoificha irudishe ulikoitoa. Hao vijana usiwaonee wivu, hawampendi mkeo kukushinda wewe. Wamefundishwa tu kwamba mtu akikwambia anahema, unamuuliza tangu lini. Ulikuwa na nafasi ya kuuliza hivyo bila kusoma hata siku moja chuoni, ukaipoteza kwa ajili ya mkate.

Akirudi nyumbani hatanyanyua kitu kizito kwa wiki nyingi, na hicho ni pamoja na sufuria, kapu la nguo na wewe. Jifunze kupika supu kabla ya Ijumaa. Kitanda kishushe chini, ngazi zingoje. Jirani akiwasha besiboli, funga dirisha. Na Albina akisema, "Ludvik," zima televisheni kwanza, ndipo uitikie.

Lakini lipo moja la kutangulia yote. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unaposema wewe mwenyewe umeisikia sauti hiyo. Sikupaona. Darasa zima limeisikia, padri nusura aisikie, na wewe unayelala naye chumba kimoja hujui ikoje. Ijumaa itaondoka, na tuombe isirudi tena.

Kwa hiyo Jumatano hii nenda naye. Panga foleni nyuma ya vijana, usimpite mtu. Zamu yako ikifika, mwambie Corwin akuazime stetoskopu na akuonyeshe pa kuiweka, sasa anapajua. Ukiisikia, usiseme kitu. Sikiliza mpaka mwenyewe akwambie inatosha.

Shangazi Vida