Injinia Anachagua Jembe

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu hii, binti yangu bado anachagua! Si mume — programu ya kutengenezea programu. Eti ni kama karakana ndani ya kompyuta, humo ndimo anaunda vitu vya simu. Sawa. Sasa karakana ziko ngapi, jamani? Moja nzito, kompyuta inaganda na kunguruma. Nyingine kaipakua siku nzima, kisha kaifuta. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu: na jembe bovu halilimi, Mama. Mdomo huo kaurithi kwa baba yake.

Jumatano ya wiki ijayo mwenye kituo ninapolelea watoto ataitazama kazi ya binti yangu — programu ya kuwaarifu wazazi mtoto kala, kalala, ana homa. Ikifunguka kwenye simu zetu walezi wote watano, mahangaiko ya mwanangu yameisha, kapata kazi. Isipofunguka, kazi anapewa mwingine. Miaka miwili yuko nyumbani tu.

Alhamisi, 6 Machi
Afadhali! Kapata nyepesi, unaburuta vitufe na kuvipanga, basi. Siku moja tu kamaliza. Imefunguka kwenye simu yangu hii kuukuu! Nikabonyeza "Amelala", nikapiga kigelegele peke yangu jikoni.

Jumamosi, 8 Machi
Shoga yake kaja, yule wa ofisi ya kompyuta. Kaona, kacheka. Eti hicho ni kitu cha chekechea, wenzio wanaandika msimbo, wewe unapanga picha? Binti yangu naye akacheka — lakini mimi ndiye niliyemzaa, nilimwona. Mgeni kutoka getini tu, binti yangu kafuta yote. Yote!

Nikasema, lakini ilifunguka. Akasema, Mama, haya mambo huyajui. Kweli. Darasa la nne nitajua nini? Ila imeniuma.

Jumanne, 11 Machi
Kamaliza upya, kwa ile nzito, kwenye kompyuta ya kuazima. Macho mekundu kama pilipili. Kwenye simu yake inateleza, ina rangi, nzuri mno. Kanitumia nijaribu.

Simu yangu inakataa. Eti ni ya zamani. Nimezima, nimewasha. Nimefuta picha za harusi ya kaka yake, nikidhani ni nafasi. Inakataa! Na walezi wenzangu watatu wana simu kama hii hii, tulinunua siku moja. Kesho saa tatu asubuhi!

Anaita kutoka chumbani: Mama, imefunguka? Sauti ina furaha, sijaisikia siku nyingi. Nimemwambia ngoja, mwanangu, natafuta miwani.

Miwani ninayo usoni. Nasikia ndara zake zinakuja —