Leseni ya Chumba

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimepiga deki mara ya pili. Afisa wa afya ameingia na matope yake bila hata hodi. Amefungua bomba, ametazama dirisha, ameridhika. Leseni nimepata. Naruhusiwa kuzalisha ndani ya chumba hiki tu. Nikienda kuzalisha nyumbani kwa mtu, nimevunja sheria. Moto pia ni marufuku humu. Miaka yangu yote ya ukunga kwenye zahanati ya kampuni ya majani chai si kitu. Wameipa sakafu ya simiti leseni.

Alhamisi, 7 Machi
Hakuna aliyekuja. Jirani yangu Chebet yuko karibu kujifungua. Uzazi uliopita alivuja damu mpaka akazimia, na hospitali hataki hata kuisikia. Kwangu angekuja, lakini mama mkwe wake, Kogo Tapsiargaa, amekataa. Kwetu akina kogo, yaani nyanya, huketi kando ya moto, wakaita majina ya wazee waliokufa hadi mtoto apige chafya. Jina alilolipigia chafya ndilo lake. "Sasa tutaita wazee kwa simiti baridi?" ameniuliza. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 12 Machi
Nimeenda Bomet kumwomba afisa aruhusu jiko dogo. "Sista, sheria ni sheria." Hata kiti hakunipa. Nimenyeshewa njia nzima hadi nyumbani Kimulot.

Jumatano, 20 Machi
Chebet amejifungua. Chumbani! Kogo alikuja na makaa kwenye chungu kilichovunjika. Mimi nikaangalia ukuta, kama sijaona. Damu ilikuja kweli, nikamdunga sindano ya kuzuia damu, ikakata. Mtoto akapiga chafya kwa jina la babu mmoja mlevi sana. Kogo akanuna, akataka kuendelea kuita. Tulicheka mpaka machozi. Mercy, mke wa shemeji yake Chebet, alikuwepo. Ana mimba ya kwanza, ya miezi minane. Amesema atakuja kwangu.

Ijumaa, 22 Machi
Afisa amekuja bila taarifa. Chungu kiliacha duara jeusi sakafuni. Nilikuwa nimelisugua kwa mchanga, wapi! Ameinama, amelinusa. Leseni ameitoa ukutani mwenyewe. Nikizalisha tena popote, ni korti. Hakuuliza kama Chebet yuko hai. Nimelia kwa hasira.

Jumamosi, 13 Aprili
Mvua imepumzika. Nimechuma chai tangu asubuhi. Kwa Mercy uchungu umeanza. Wanawake wanaingia na kutoka, moshi unafuka jikoni. Hawakuniita. Jana Kogo alinieleza kwa upole kwamba hawataki nifungwe. Nilichuma upande wa ua wao, nikingoja vigelegele. Mchana wanawake wakatoka, wakakaa kwenye nyasi. Hakuna aliyepiga kigelegele. Baadaye Chebet akaja hadi kwenye ua. Mercy yuko hai, alisema. Mtoto hakulia. Nikamalizia mstari wangu wa chai.