Mkungu wa Ndizi Kutoka kwa Mama Yako

Ombati,

Nimechoka, ndugu yangu. Naanza hivyo kwa sababu ungeniuliza habari jibu lingekuwa hilo, na wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Leo nimechuma chai tangu asubuhi, nimengoja lori la kiwanda mpaka miguu ikafa ganzi, na niliporudi nyumbani nimekuta mkungu wa ndizi palepale kwenye kona nilipouweka. Umeanza kuiva. Mama yako ndiye aliyeuleta, na sijaweza kula hata ndizi moja. Nitakueleza kwa nini.

Kituo chetu cha majani hapa juu ya Birongo hakijabadilika sana tangu uondoke. Mizani ni ileile, mabati ni yaleyale, benchi letu limevunjika mguu mmoja tukaliegemeza kwa jiwe. Lori bado linakuja linapotaka. Ila hakuna anayecheza poka tena.

Wewe ndiye uliyetuletea mchezo ule kutoka Nairobi. Ukatufundisha sisi wachuma chai mkono wa kadi tano, lini utupe kadi zako na lini ukaze. Hatukuchezea pesa. Nusu yetu ni Wasabato, na nusu nyingine hatukuwa nazo. Tulichezea punje za mahindi, na aliyemaliza na punje nyingi ndiye aliyetangulia kwenye mizani. Mtu wa mbali akisikia hivyo atacheka. Hajaona karani akitia mkono ndani ya gunia lako mwisho wa foleni, akute majani yameshika joto, ayakatae yote, na wewe uliyachuma kwa mgongo wako. Kwetu kupimiwa wa kwanza kulikuwa jambo.

Na wewe ulipimiwa wa kwanza karibu kila siku. Ulikuwa na subira ya kukasirisha. Unaweza kutupa kadi mara kumi bila neno, unakunywa chai yako, unatazama vidole vyetu. Ulijua kwamba nikishika jozi nzuri nagusa sikio. Mimi mwenyewe sikulijua hilo mpaka uliponiambia, na uliponiambia nikahamia kugusa pua. Ulicheka wiki nzima.

Halafu ukaja muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi. Unakumbuka siku ile ulifika kituoni macho mekundu, ng'ombe wenu alikuwa amezaa kwa shida ukakesha naye? Nilikuwa na fungu nililonunua Kisii mjini, nikakupa. Ulitafuna, macho yakafunguka, ukasema, "Makori, leo naona kadi zenu hadi mgongoni."

Siku hiyo nilikushinda. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nimekaa nikifikiria sana muguka ulikufanya nini, kwa sababu wewe mwenyewe hukuona. Zamani kadi mbaya uliitupa. Sasa hapakuwa na kadi mbaya, hata saba na tatu zilikuwa mali mkononi mwako. Ulizungumza bila kupumua. Goti lilicheza chini ya benchi. Ulitutazama lakini hukutuona, ulikuwa unaona kadi zako tu. Muguka haukukufanya ucheze vizuri, Ombati, ulikufanya usichoke kucheza vibaya. Ukishindwa ulisema ni bahati tu, na kesho yake ulitaka fungu kubwa zaidi. Muguka ulipoacha kukutosha vikaja vidonge, vile vya madereva wa malori ya safari ndefu, ukivishushia na soda ya kuongeza nguvu. Kwa vidonge mikono ilitetemeka hadi kadi zikapiga kelele. Mtu asiyejua hata kuhesabu angejua ulichoshika.

Magokoro Moraa alijua. Unamkumbuka alivyokaa juu ya gunia lake pembeni, bibi wa watu, kanisa lake halimruhusu kugusa karata lakini macho hayakukatazwa. Alikuambia mbele ya wote, "Ombati, ukitafuna hiyo kitu uso yako inasema yote. Hata mimi mwenye sijui kadi najua uko na nini." Tukacheka sote, na wewe pia. Alipoona vidonge hakutania. Alisema, "Wacha hizo dawa, mwanangu. Ukiendelea hivi hutaona chai ya mwezi ujao."

Siku nne baadaye ulianguka kutoka kwenye benchi, kadi zikiwa mkononi. Hukufika hospitali ukiwa hai.

Mimi ndiye niliyeandika wasifu wako na kuusoma siku ya mazishi. Niliandika kwamba uliugua kwa muda mfupi. Kila mtu huandikiwa hivyo, na watu wakaitikia kwa kichwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuficha hata baada ya kifo, nikadhani ni heshima. Sikujua naacha shimo wazi na kwamba kuna mtu atakayesukumwa ndani yake.

Maana watu walitaka sababu. Kijana mwenye nguvu hafi tu akiwa amekaa. Wakayakumbuka maneno ya Magokoro Moraa, ya kwamba hutaona chai ya mwezi ujao. Alijuaje? Onyo la mama mtu mzima likageuzwa kuwa uchawi, kwa mdomo wa watu walewale waliokuwa wamekaa pale wakicheka. Egesangio, kile kikundi chetu cha kuchumiana chai kwa zamu, kikairuka zamu yake. Chai yake ikapita wakati wa kuchumwa, ikawa ngumu shambani. Kituoni watu walisogeza magunia yao mbali na lake. Jumapili moja, mchana kweupe, mawe yakapigwa juu ya paa lake akiwa ndani. Unajua vizuri kwetu mambo hayo yakianza kwa mawe huishia kwa moto.

Nilijua, na nilinyamaza. Nilikuwa nalala na kuamka na jambo hilo, nikijiambia litapoa.

Naibu wa chifu akaitisha baraza palepale kituoni. Wengine walitaka bibi ahame. Yeye alikaa na kitambaa chake cha kichwani, mikono mapajani, hakumtazama mtu. Mama yako akasimama. Amekonda, Ombati. Akasema, "Mimi sitaki damu ya mtu. Nataka kujua tu ni nini ilikula mtoto wangu."

Basi nikasimama. Nilieleza habari ya muguka, nikaeleza habari ya vidonge, viwili siku ile kwa soda moja. Nikasema Magokoro alikuwa mtu pekee aliyekuonya, na kwamba kama kuna aliyestahili kupigwa mawe ni sisi tuliocheka. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na hizo dawa alitoa wapi?"

Nikasema, "Mjini." Nikaketi.

Wiki iliyofuata kikundi kilikwenda kuchuma kwa Magokoro. Siku hizi mimi ndiye ninayembebea gunia hadi kwenye mizani. Hasemi asante, ananiambia tu nisiliburute, nitaumiza majani. Mama yako naye alikuja kwangu akiwa na mkungu huu kichwani, kupanda mlima wote ule na kifua chake kinachombana. Akautua, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Wewe ndiye ulikuwa rafiki yake ya kweli. Wengine waliniacha nichukie mama wa watu bure."

Nikapokea. Hilo ndilo linalonichosha kuliko chai.

Kwa sababu ni mimi, Ombati. Muguka wa kwanza nilikupa kwa wema, naapa, ulikuwa unasinzia. Lakini jioni ile nilipopimiwa wa kwanza nikiwa nimekushinda, nilipata utamu ambao sikuwahi kuupata. Fungu la pili halikuwa la wema. Nilikuwa nimeona kwamba ukitafuna nakusoma kama ubao wa darasani. Ulipouzoea muguka ukaanza kutulia tena, mimi ndiye niliyeteremka mjini kutafuta vidonge. Nikakuambia vitakurudishia ustadi wako. Shuleni tuliimbiwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi sikukubali, na sikushindana pia. Nilikununulia kushindwa kwako nikakupa mkononi, na wewe ukasema asante, omosani, rafiki yangu.

Mkono wa mwisho nilishika wafalme wawili. Wewe ukasukuma punje zako zote. Niliona mshipa wa shingo ukipiga, niliona jasho, na kulikuwa na baridi siku ile. Rafiki angesema, tuache kidogo, simama unyooshe miguu. Mimi nikasukuma punje zangu pia. Nilikuokotea kadi zako baadaye kwenye matope. Hukuwa na kitu. Na niliporudi kutoka hospitali niliambiwa gunia langu lilipimwa la kwanza, kama tulivyokubaliana.

Hilo sikulisema barazani. Nilimwokoa Magokoro kwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine nimelipwa kwa ndizi.

Sina hakika mama yako atafanya nini. Labda atanifukuza. Labda zamu yangu ndiyo itakayorukwa sasa, na mtoto wa nyumba yangu atasikia mambo njiani. Naogopa, sikufichi. Lakini naogopa zaidi kuona ndizi hizi zikioza humu ndani huku yeye akiniombea kila Sabato kwa jina.

Kadi zako nimezifunga kwa uzi, nitampa yeye aamue. Muguka nimeacha. Sikuacha kwa ushujaa, nikiuona tu sokoni napita upande wa pili. Wewe pumzika, ndugu yangu, hapo chini ya migomba ya kwenu. Mimi nakuahidi kitu kimoja tu, maana vingi sitaviweza. Kesho kabla sijaingia kwenye chai nitaubeba mkungu huu niurudishe ulikotoka, nimwombe mama yako aketi, na nimwambie kwamba vidonge vilitoka mjini kweli, ila vilifika kwako ndani ya mfuko wangu.

Makori