Mwangwi Sitaupunguza

Karatu Mjini,
Jumanne, 13 Mei.

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nyuma ya zizi, goti limepunguza maumivu na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa salama. Mama aliniambia mvua za safari hii zimeshika vizuri huko Qurus, na kwamba mbaazi zimeanza kuchanua. Mimi ni mzima. Kazi hapa lodji inaendelea, ingawa wageni ni wachache kwa sababu barabara ya kupanda Ngorongoro ina utelezi.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi na Patrisi wa bodaboda wakati simu ipo. Sababu unaijua. Kila nikianza kukueleza habari za muziki wangu, unasema mtandao unakatika, halafu namsikia Mama akipewa simu. Karatasi haikatiki, Baba. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Unaikumbuka ile gemu ya panya mwenye taa kichwani. Huwezi kuisahau, maana ndiyo iliyotuponza mimi na kaka Wilibrodi, siku ng'ombe walipoingia kwenye ngano ya jirani sisi tukiwa kwenye kibanda cha video pale sokoni. Fimbo zile bado nazikumbuka. Panya yule alikuwa anashuka mapangoni, na kila pango lilikuwa na muziki wake. Ule wa pango la tatu haujawahi kunitoka kichwani: noti nane tu, zinashuka, zinasita, zinapanda tena. Krismasi uliniuliza mbele ya wajomba msichana mwenye diploma anatafuta nini kwenye nyimbo za panya. Sikukujibu, kwa heshima. Leo nakujibu, na heshima iko palepale.

Kuna watu mtandaoni, wa nchi nyingi, wanaochukua muziki wa gemu za zamani na kuutengeneza upya, kila mtu kwa namna yake. Kila mwaka wanachagua nyimbo kumi na mbili za kuweka kwenye albamu moja. Waamuzi ni watano, na hawakubali kitu bila kukichambua kwanza. Mwezi wa tatu niliwapelekea wangu. Zile noti nane nilizipiga kwa gitaa, chini yake nikaweka mdundo wa debe na besi, na juu yake sauti ya mzee anayeimba wimbo wa kupalilia kwa Kiiraqw. Niliutengeneza miezi miwili, saa ya chakula cha mchana, ndani ya stoo ya mashuka, kwa kuwa mashuka na mataulo yananyonya kelele na hakuna studio hapa mjini ambayo ningeimudu.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mkuu wa waamuzi ni mtu wa Poland anayejiita Chumvi, na jina linamfaa. Aliandika kwamba wazo ni zuri lakini mchanganyo wa sauti ni mbovu. Ngoma na besi zinagombania kiti kimoja. Gitaa limemkalia mwimbaji. Mwangwi umezidi mno, mzee anasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Mwishoni akaongeza kwamba mwimbaji mwenyewe amechoka, sauti yake imepasuka kwenye noti za juu. Nitafute mwingine aliye bora, nimrekodi kwenye chumba kikavu kisicho na mwangwi, kisha mwangwi niuweke kwa programu, kijiko kimoja, siyo ndoo nzima.

Nililia, Baba. Nilifungua bomba la kufulia ili wenzangu wasinisikie.

Aliyenikuta ni Nosim, binti wa Endulen tunayefanya naye kazi mapokezi. Nosim hajui kubembeleza mtu. Alivaa hedifoni, akasikiliza akiwa amesimama, akazivua, akasema, “Laurencia, hao watu hawajakosea kote. Debe lako linamkanyaga mzee. Mnyanyue.” Nikamuuliza, na mwangwi je? Akafikiri kidogo, akasema kwao mtu akimwita ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo, hakuna anayemwambia apunguze korongo.

Basi nikarudi kazini. Usidhani binti yako ni mbishi asiyesikia, maana yale ya kweli niliyakubali yote. Debe nililipunguza uzito. Besi nikaihamisha ikae peke yake chini. Gitaa nikalisogeza sikio la kushoto, na pale mzee anapoanza kuimba nikalinyamazisha kabisa. Hata mwangwi nilijaribu kuutoa, sikatai. Programu ipo ya kufanya hivyo. Mzee akatoka kama mtu anayeongea huku amefunikwa blanketi. Nikamwomba Lazaro, anayewaimbia wageni wakati wa chakula, aimbe wimbo uleule kwenye stoo ya mashuka, pakavu kama Chumvi alivyotaka. Aliimba vizuri kuliko wote, hakupasuka hata mara moja. Niliusikiliza mara tatu, nikaufuta. Ulikuwa wimbo wa mtu ambaye hajawahi kushika jembe.

Nikawarudishia wa kwangu, na mzee wangu ndani yake, na mwangwi wake wote. Nikawaandikia kwamba nashukuru kwa kunifundisha juu ya ngoma na gitaa, sasa naona walivyokuwa sahihi. Ila mwimbaji simbadilishi. Na mwangwi sitaupunguza, kwa sababu sikuuweka mimi. Mahali alipoimbia ndipo palipoitika.

Kura zikapigwa: wawili walikubali, watatu walikataa. Chumvi alikuwa miongoni mwa watatu. Aliandika kwa adabu kwamba mchanganyo sasa umenyooka, lakini sauti ile inabaki kuwa kasoro, na mlango u wazi nikibadili mawazo. Nikamjibu kwamba na mimi mlango wangu u wazi akibadili yake. Albamu imetoka wiki iliyopita bila mimi. Wimbo wangu nimeuweka mwenyewe kwenye ukurasa wangu, kwa jina langu kamili na jina la kijiji chetu.

Sasa nikueleze lililotokea Jumamosi, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa stoo nausikiliza kwa spika, mlango umerudishwa tu. Akaingia mama Penina, mpishi wetu, mtu mzima wa Kansay, amefuata vitambaa vya meza. Akasimama. Mzee akaimba mstari wake wa kwanza, na kabla sijazima, mama Penina akamwitikia. Aliitikia kwa sauti ya juu, mkono kiunoni, kama yuko shambani na wenzake kumi wako nyuma yake. Mstari wa pili hivyohivyo, mpaka mwisho. Ulipokwisha akajifuta macho kwa kitambaa cha meza ya wageni. Akaniuliza mzee huyu ni nani na kwa nini nimemwacha aimbe peke yake. Wimbo huu hauimbwi na mtu mmoja, ana haki ya kuitikiwa.

Nilimwahidi tu kwamba nitampeleka kwa mzee huyo, jina nikalificha. Kumjibu yeye kabla yako kungekuwa kukukosea mara ya pili.

Baba, mzee huyo ni wewe.

Januari nilipokuja likizo uliingia ndani ya tangi la simti kulisugua kabla ya masika. Mimi nilikuwa juu, napokea ndoo za tope. Ulipofika kona ya ndani ukaanza kuimba. Nilishtuka nusura niachie kamba. Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu siku ile mwalimu mpya wa kwaya, yule wa kinanda, aliposema mbele ya watu wote kwamba sauti yako imepasuka na inawavuta wenzako nyuma. Kwaya ile uliifundisha miaka ishirini na miwili. Ulirudi nyumbani ukatundika koti, na mpaka leo, mwaka wa nne huu, unakaa benchi la nyuma. Wengine wakiimba, wewe unatazama viatu. Mama anaona. Mimi naona. Hakuna anayesema.

Niliwasha simu nikaiweka kwenye mdomo wa tangi. Dakika kumi na moja. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua ukigundua utanyamaza, na huenda usingeimba tena. Hapo nilikosa. Nilichukua kitu chako, nikakipeleka Poland kabla hakijafika sebuleni kwako. Kwa hilo napiga magoti, unisamehe.

Lakini kuomba radhi kwangu kunaishia hapo. Chumvi alipoandika kwamba sauti imepasuka, nililisoma neno lile kwa sauti ya mwalimu wa kinanda. Wewe ulimtii yule. Mimi huyu sikumtii. Kasoro zangu nilizirekebisha zote. Sauti yako haikuwa mojawapo.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi ndogo. Inaingia kwenye redio ya Mama, pembeni. Sikiliza, peke yako ukipenda. Ukichukia kwamba watu wamekusikia, mwambie Patrisi aniletee neno moja tu, “futa”, nami nitafuta siku hiyohiyo, kwa kuwa sauti ni yako na mwenye neno la mwisho ni wewe. Usipoleta neno, Jumapili baada ya misa nitafika nyumbani na mama Penina, anayetaka kuja kukuitikia uso kwa uso. Jambo moja tu usiniambie, Baba: kwamba ni mbaya. Sikulikubali kwa waamuzi, sitalikubali kwa mwalimu wa kinanda, na nisamehe, hata kwako sitalikubali.

Nisalimie Mama, mwambie kitenge chake kiko tayari kwa fundi. Kaka Wilibrodi mpe pole ya meno. Majirani wote wape salamu zangu, hata yule mwenye ngano.

Mungu akulinde.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Laurencia